Bwana Msa Hajafika Tabora: Mzimu, Mzigo na Njia ya Misafara

Ukitaja riwaya ya mafumbo na mizimu katika semina yoyote ya fasihi ya Kiswahili, mikono yote itaelekea Unguja. Hilo halishangazi. Lakini hivi, ni kwa nini? Tabora nayo ni mji wa kale. Burton na Speke walipofika Kazeh mwaka 1857 walikuta tayari wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Kiswahili wamekwisha kujenga matembe yao hapo. Mji huu umeona vita, njaa, utumwa, baruti na reli. Kama ukale wa mji peke yake ndio unaozaa hadithi za mizimu, basi Unyanyembe ingekuwa na rafu nzima ya riwaya za namna hiyo. Hadi leo haina mpelelezi mwenye jina kama la Bwana Msa. Makala haya yanakusudia kuuliza sababu, na kueleza kwa nini swali lenyewe si la mchezo.

Tuanze pwani. Muhammed Said Abdulla alishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1960 Mzimu wa Watu wa Kale ikatoka kama kitabu. Wahakiki wengi wamezoea kuishia kwenye kiko cha Bwana Msa, wakasema huyu ni Sherlock Holmes wa Kiunguja, na rafiki yake Najum ndiye Watson, basi. Kusema hivyo ni kweli lakini hakutoshi. Cha kuangaliwa ni kazi inayofanywa na mzimu ndani ya msuko. Tajiri Bwana Ali anakutwa amekufa mahali pa mzimu. Watu wanaogopa, na anayeogopa mzimu haulizi maswali. Mzimu, kwa hiyo, ni pazia. Nyuma yake wamejificha watu wenye miguu miwili, na sababu zao ni za hapa hapa duniani. Katika riwaya za Abdulla siri aghalabu ni ya ukoo na mali: nani mtoto wa nani, nani mrithi wa shamba, nani alifichwa na kwa nini. Hata Kisima cha Giningi (1968), ambayo jina lake limekopwa kwenye masimulizi ya Kiunguja kuhusu mahali wanapokutania wachawi, inamtaka msomaji aache kutetemeka aanze kufikiri.

Hapo ndipo tunapoona uhusiano wa mji wa kale na hadithi ya mafumbo. Mji wa kale wa pwani una nyumba kubwa, milango mizito, na ndani ya nyumba moja mna bwana, suria, mtumwa na watoto wa wote hao. Historia hiyo watu hawakuisema kwa sauti. Jambo lisilosemwa halipotei, linageuka mzimu. Mandhari ya Unguja haikumpa Abdulla magofu tu. Ilimpa jamii iliyojaa mambo ya kunyamaziwa.

Sasa twende bara, tufuate njia yenyewe: Bagamoyo, Mpwapwa, Tabora hadi Ujiji, mwendo wa kilomita zipatazo 1,200. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hii kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia huko UNESCO, na Kwihara, jirani na Tabora, ni mojawapo ya vituo vilivyotajwa. Wapagazi wa Kinyamwezi, wengi wao wakiwa watu wa ujira na si watumwa, walibeba karibu frasila mbili kila mmoja, yaani kama kilo 32 hivi. Walishuka na pembe, wakapanda na nguo, shanga na bunduki. Na katika njia hiyo hiyo walipita waliofungwa minyororo. Kama siri ya pwani imo ndani ya nyumba, siri ya bara imo ndani ya mzigo. Ndiyo tofauti kubwa ya kifani ambayo mwandishi wa Tabora angeanza nayo. Bwana Msa anauliza nani ameingia chumbani. Mpelelezi wa njia ya misafara itabidi aulize: mmebeba nini?

Wala hili si jambo la kubuni. Livingstone alipofariki mwaka 1873, Susi, Chuma na wenzao waliikausha maiti yake, wakaibeba kuelekea pwani kupitia Unyanyembe. Walipofika Kasekera, mbele kidogo ya Kwihara, wenyeji walikataa maiti isipite katika nchi yao. Wabebaji wakafanya hila. Walitengeneza furushi la uongo lenye sura ya maiti, wakalituma lirudi nyuma kana kwamba linakwenda kuzikwa, na maiti yenyewe wakaifunga upya ionekane robota la nguo. Robota likaendelea na safari, na Februari 1874 likafika Bagamoyo. Jamani, hiyo ni riwaya tayari! Kuna maiti isiyotakiwa na kuna maiti bandia. Kuna imani ya watu juu ya hatari ya wafu wageni, na kuna akili ya wapagazi wanaoijua imani hiyo vizuri kiasi cha kuizunguka. Tumefundishwa kisa hiki kama hadithi ya uaminifu wa watumishi kwa bwana wao. Mhakiki akikisoma kama hadithi ya mafumbo, Susi na Chuma wanaacha kuwa watumishi wema wa pembeni. Wanakuwa wahusika wakuu, mabingwa wa msuko.

Mfano wa pili umo katika kitabu tunachokitaja mara nyingi kuliko tunavyokisoma: Maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip. Mtu huyu alikuwa na mizizi Tabora, kwa kuwa baba yake alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Katika masimulizi yake anaeleza jinsi alivyoupata utawala wa Utetera kwa mtemi Kasongo. Alisikia kwamba zamani wanawake wa ukoo wa mtemi walitekwa vitani. Naye akadai kuwa bibi yake alikuwa mmoja wao, kwa hiyo yeye ni mjukuu aliyerudi nyumbani. Mzee akaamini, akamwachia nchi. Tazama basi: ndugu aliyepotea utumwani anageuzwa hila ya kujipatia pembe. Msuko huu Abdulla angeupenda sana, ila kwa Tippu Tip hatokei Bwana Msa wa kufichua. Mhalifu ndiye msimulizi, na anasimulia kwa raha kabisa, akihesabu frasila. Wale wanawake waliotekwa kwelikweli hawana neno hata moja katika kitabu. Kimya chao ndicho ninachokiita mzimu wa njia ya misafara.

Kuna aliyekaribia kuusikia. Abdulrazak Gurnah katika Paradise ya mwaka 1994, ambayo Ida Hadjivayanis ameitafsiri kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, anampeleka kijana Yusuf bara pamoja na msafara wa tajiri Aziz. Yusuf mwenyewe ni mzigo, maana ametolewa na baba yake badala ya deni. Wahusika wanazungumza habari za Yajuju na Majuju, na kadiri msafara unavyozama bara ndivyo hofu inavyokua. Gurnah ni mjanja: anatuonyesha kuwa hofu hiyo wasafiri wamekwenda nayo kutoka kwao. Hata hivyo, macho yanayotazama bado ni ya mtu wa pwani. Tunajua pwani iliogopa nini ilipoitazama bara. Hatujaelezwa vya kutosha bara iliogopa nini ilipowaona watu wa pwani wakija, na ilipowaona watu wake wakienda wasirudi.

Hapo ndipo ninapofikia jambo linalonikera. Katika hadithi nyingi za mitaani, na hata katika utani wetu mabwenini, Tabora, Shinyanga na Sumbawanga ni "kwa wachawi". Mwandishi akitaka kutisha, anampandisha mhusika gari moshi kwenda magharibi, anamweka bibi kizee mwenye macho mekundu, kazi imekwisha. Eti hiyo ndiyo mandhari. Sasa tukumbuke kwamba katika mikoa hiyo hiyo, kwa miongo kadhaa, wanawake wazee halisi wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa sababu tu ya macho yaliyokuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Na tangu kati ya miaka ya 2000 watu wenye ualbino nao wamewindwa kwa ajili ya viungo vyao. Mara nyingi nyuma ya tuhuma dhidi ya bibi kizee kumekutwa ugomvi wa shamba au urithi. Maana yake mzimu ni pazia vile vile, kama kwa Bwana Ali. Tofauti ni kwamba damu hii si ya kwenye karatasi.

Atasimama mwenzangu aseme nataka kuifunga fasihi minyororo ya uhalisia. Sivyo. Kezilahabi katika Nagona (1990) na Mzingile (1991) ameivunja dunia ya kawaida vipande vipande, na hakuna bibi wa mtu aliyetiwa hatarini. Iko ajabu inayouliza, na iko ajabu inayotuhumu. Ya kwanza inampeleka msomaji kwenye maswali makubwa ya kuwapo kwetu. Ya pili inamnyooshea kidole mtu dhaifu kisha inafunga kitabu. Mhakiki anapaswa kuzipambanua, badala ya kuzitia zote katika kapu moja la "fantasia" na kuzipa alama za fani.

Je, tumchukue basi Bwana Msa tumlete Tabora kwa treni? Atatusaidia kwa nusu. Swali lake la msingi, nani anafaidika na hofu hii, ni dawa tunayoihitaji. Lakini Bwana Msa ana kasoro: anamaliza. Siri ikifichuka mkosaji anajulikana na mambo yanatulia. Njia ya misafara haina mkosaji mmoja wa kutiwa pingu. Yuko tajiri wa Unguja, mnunuzi wa pembe wa Ulaya na Marekani, mtemi aliyetoza hongo, na mpagazi aliyebeba. Hata mtetezi wa nchi hawezi kuwekwa mbali na hesabu hiyo. Mtemi Isike, aliyelipua ghala lake la baruti Januari 1893 Wajerumani walipoiingia ngome yake, ni shujaa. Lakini baruti ilifikaje Unyanyembe, na ilinunuliwa kwa nini? Riwaya ya Tabora itakayokuwa na ukweli itamfikisha mpelelezi mahali ambapo nguo aliyoivaa yeye mwenyewe ni sehemu ya ushahidi.

Riwaya hiyo haihitaji popo wala magofu. Malighafi yote ipo: tembe la Kwihara, ambalo leo ni makumbusho, miembe ya mji, jina la Mirambo, ambalo ni jina la sifa lenye maana ya maiti, robota lililopita Kasekera, bibi wa Utetera aliyedaiwa na mgeni. Anayetaka kuiandika asianze kwa kuuliza wachawi wa Tabora wanafanya nini usiku. Aanze na wale wasio na jina katika kitabu cha Tippu Tip, awaulize walibebeshwa nini, na ni nani aliyenufaika watu walipoogopa kuuliza.