Mnyama katika Mchanga wa Wanavajo

Wanavajo wa kusini-magharibi mwa Marekani, wanaojiita Diné, huchora picha kwa mchanga wa rangi sakafuni wakati wa tambiko la uponyaji. Nyoka au dubu aliyechorwa humo si pambo: ni nguvu iliyoitwa, na mgonjwa huketishwa juu yake. Tambiko likiisha, picha hufutwa.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yetu. Katika miaka ya 1920, Hosteen Klah, mganga na mfumaji aliyefariki mwaka 1937, alizifuma picha hizo katika mazulia ya sufu. Baadhi ya wenziwe walihofu kwamba kuidumisha picha takatifu kungeleta madhara. Yeye alitaka elimu isipotee.

Anayesifu ufundi wa zulia peke yake hajalihakiki. Zulia limehifadhi sura ya mnyama. Halikuhifadhi wimbo uliomwita. Hata ngano za mbweha wa huko, mjanja aliyetawanya nyota, husimuliwa majira ya baridi tu.

Basi, walimu wenzangu, tufundishapo fasihi simulizi, tusiishie kuuliza mnyama anawakilisha nini. Tuulize pia: anaitwa lini, na nani, kwa ajili ya nani?