Kupima Ubora wa Picha ya Vitu Tuli Inayofuata Mabingwa wa Uholanzi

Picha ya vitu tuli huchora vitu visivyojongea: matunda, maua, mkate, samaki, vyombo vya mezani. Uchoraji huu ulifika kileleni Uholanzi katika karne ya 17, kwa mikono ya Pieter Claesz na Willem Claesz Heda wa Haarlem, Willem Kalf, na baadaye Rachel Ruysch aliyesifika kwa maua. Wachoraji wengi wa leo wangali wanaifuata njia yao, lakini kazi zao zinatofautiana mno kwa ubora.

Cha kwanza kukaguliwa ni nuru. Katika kazi bora nuru hutoka upande mmoja, mara nyingi kushoto, na vivuli vyote huitii. Kivuli huwa kizito penye mguso wa kitu na meza, kisha hufifia kadiri kinavyokwenda mbali. Ndani yake mna rangi iliyorudishwa na kitu jirani, kama wekundu wa tufaha unaoonekana kwenye tumbo la birika la fedha. Mchoraji anayenakili picha ya kamera bila kutazama vitu vyenyewe huishia na vivuli vyeusi vitupu.

Zifuatie kingo. Mchoraji mahiri hakazi mstari kila mahali. Upande ulio gizani huuacha uzame katika mandharinyuma, na ukingo mkali huuweka pale anapotaka jicho litue. Picha iliyokaziwa yote kwa usawa hushangaza mara moja, kisha huchosha.

Maumbile ya vitu hupimwa vyema kwa limau lililomenywa nusu, ganda likining'inia ukingoni mwa meza. Ganda la nje lina vinyweleo na mng'aro mdogo mdogo. Utando mweupe wa ndani haung'ai kabisa. Nyama ya tunda hupitisha nuru na kumeremeta kwa majimaji. Yote matatu yakichorwa kwa brashi ya namna moja, limau huonekana la bandia. Kwa Heda na Claesz, glasi ya mvinyo mara nyingi hubeba taswira ndogo ya dirisha, iliyopinda kufuata mviringo wake. Doa jeupe lisilofuata mviringo huo hudhihirisha kazi ya kukariri.

Katika mpangilio, kila kitu kiwe na sababu ya kuwapo. Zamani fuvu na mshumaa uliozimika vilikumbusha mauti, na kaure za China katika picha za Kalf zilionyesha anasa iliyoletwa na biashara ya mbali. Kurudia vitu hivyo leo kwa mapambo tu ni udhaifu. Mchoraji anayelipatia kopo la soda uangalifu uleule ameelewa zaidi somo la mabingwa.

Mwisho hukaguliwa rangi yenyewe, picha ikitazamwa kwa pembeni chini ya taa. Kwa desturi, sehemu za giza hupakwa nyembamba na sehemu za nuru hupakwa nzito. Weupe wa titani, uliochukua nafasi ya weupe wa risasi katika karne ya 20, ni mkali na wa baridi zaidi. Usipotiwa rangi ya joto kidogo, nuru hufanana na chokaa ya ukutani. Matabaka ya chini yapaswa kuwa na mafuta machache kuliko ya juu. Utaratibu huo ukigeuzwa, tabaka la juu hukauka kabla ya lile la chini, na picha hupasuka nyufa kadiri miaka inavyopita.