Chris Barnard na Kimya Chenye Mshindo

Wako wahakiki wanaodhani kwamba mwandishi wa riwaya akiingia katika sinema huwa ameiuza kalamu yake. Maisha ya Chris Barnard, aliyeandika kwa Kiafrikana, yatupa sababu ya kulipima upya wazo hilo.

Alizaliwa mwaka 1939 huko Mataffin, karibu na Nelspruit, Afrika ya Kusini. Alifanya kazi ya magazeti, na riwaya yake *Bekende onrus* ikatoka mwaka 1961. Akahesabiwa miongoni mwa Sestigers, kundi la waandishi wa miaka ya sitini waliotafuta njia mpya za kusimulia. Wahusika wake wengi ni wapweke. Katika mchezo wake wa redio, *Die rebellie van Lafras Verwey*, karani mnyonge ajiona shujaa wa maasi. Mwaka 1973 alipata Tuzo ya Hertzog kwa tamthilia zake.

Mwaka 1988 ilitoka sinema ya *Fiela se kind*. Hadithi ni ya Dalene Matthee; Barnard aliiandikia mchezo, na mkewe, Katinka Heyns, akaiongoza. Fiela, mwanamke asiye Mzungu wa karne ya 19, amlea mtoto mweupe aliyemkuta akilia mlangoni pake. Wahesabu watu wamwona, naye apelekwa kwa Wazungu wa msitu wa Knysna. Hapana hotuba ya siasa humo. Lakini ikumbukwe kuwa sheria ya mwaka 1950, iliyomwandikisha kila mtu kwa rangi yake, ilikuwa bado ikitumika; ilifutwa mwaka 1991. Mtazamaji hakuhitaji kuambiwa.

Katika *Paljas*, ya mwaka 1997, mtoto Willem, wa familia ya mtu wa reli katika Karoo, ameacha kusema. Sarakasi yapita, na mchekeshaji mmoja abaki nyuma kwa siri. Kwa michezo yake mtoto aanza kufunguka. Riwaya ingeweza kutueleza mawazo ya Willem. Sinema yatulazimisha kumtazama usoni. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Walakini kusifu peke yake si kuhakiki. Kunyamaza ni jambo moja, na kunyamazishwa ni jingine. Katika *Paljas* macho ya hadithi hayawaachi Wazungu, na wenyeji wengine wa Karoo hawapewi nafasi ya kusema yao. Ila hiyo ni nzito kwa msanii aliyekijua kimya namna hii, hasa kwa kuwa lugha yake ilikuwa lugha ya watawala.

Nadhani Barnard mwenyewe aliuona upungufu huo. Katika riwaya *Boendoe*, ya mwaka 1999, wenye njaa kutoka Msumbiji wafika porini, mahali ambapo mtaalamu Mzungu huchunguza nyani. Mtu yule aliyezoea kutazama sasa hana budi kutenda. Barnard alifariki mwaka 2015. Mwanafunzi amsomaye na ajiulize katika kila kitabu: ni nani hapa asiyetaka kusema, na ni nani asiyepewa nafasi?