Kasoro ya Istilahi "Kifafa cha Mimba"

Mwanafunzi wa shahada asomaye ukunga katika Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, hufundishwa kwa Kiingereza. Lakini katika zahanati ya Bahi au Kongwa hana budi kumweleza mama wa Kigogo kwa Kiswahili. Hapo hutegemea istilahi "kifafa cha mimba", ambayo ina kasoro mbili. Kwanza, hukumbusha ugonjwa mwingine, tena wenye kuonewa haya. Pili, hutaja degedege tu, ilhali hatari hutangulia: baada ya wiki 20 shinikizo la damu hupanda, kichwa huuma, macho huona kiwi. Mama ambaye hajaanguka hudhani yu salama. Yafaa hatua hiyo ya awali iitwe "shinikizo hatari la mimba", na "kifafa cha mimba" kibakie jina la degedege lenyewe. Istilahi ya mkunga haina budi kumfikia mama kabla ya ugonjwa.