Upawa Wenye Matundu

Siku saba baada ya Diwali, Walohana, jamii ya Kihindi ya Dar es Salaam, huadhimisha kuzaliwa kwa Jalaram Bapa, mtakatifu wa Virpur, huko Gujarat. Mchafukoge, ambako familia za Kihindi bado zinaishi ghorofani juu ya maduka, siku hiyo hunukia samli na iliki. Kuna sala na nyimbo, na kuna maua kwenye picha ya mzee mwenye kilemba cheupe na fimbo mkononi. Mimi hupenda kukaa jikoni.

Jikoni ndiko kwa Jalaram hasa. Alizaliwa mwaka 1799. Alipofika umri wa miaka 20 hivi, yeye na mkewe Virbai walianza kulisha watu bure, yeyote apitaye, wa dini yoyote, kwa nafaka waliyoipata kwa kuvuna mashamba ya watu. Alifariki mwaka 1881, lakini chakula Virpur hakijakoma, na tangu mwaka 2000 hekalu lile halipokei hata mchango. Mtu wa namna hiyo huwezi kumkumbuka kwa hotuba. Lazima watu wale, na chakula cha siku yake ni bundi na gathia, kitamu na cha chumvi kwenye sahani moja.

Bundi ni vitone vya unga wa dengu vilivyokaangwa vikalowekwa kwenye shira. Utadhani kuna vitu viwili tu vya kuangalia: uji na mafuta. Kaa uone. Uji wa dengu hukorogwa mpaka usibaki hata kidonge kimoja, kisha fundi hudondosha tone la kwanza kwenye karai na kulitazama. Likitandaa, uji ni mwepesi, unaongezwa unga. Likitoka na mkia, ni mzito, unaongezwa maji, kidogo sana. Likizama kidogo, likaibuka mviringo kama lulu, kazi inaanza.

Hapo ndipo upawa wa chuma wenye matundu unaposhikwa juu ya karai. Ukiuinua mno, vitone huangukia mafuta kwa kishindo na kubapa. Ukiushusha mno, joto huuivisha uji ndani ya matundu na kuyaziba. Fundi hupata kimo chake bila kupima, humimina uji, hugonga mpini kwa mdundo mmoja usiobadilika, na mvua ya manjano hushuka. Halafu anafanya jambo ambalo mwenye haraka angeliruka: kabla ya mkupuo unaofuata anaufuta upawa chini, kila mara, kwa sababu ute wa uji uliobaki ndio unaoota mikia. Karai baada ya karai, tangu alfajiri, sijamwona akiacha kufuta.

Vitone huopolewa kabla havijakauka, maana kikavu hakinywi shira. Na shira nayo ina wakati wake. Fundi huigusa kwa kidole gumba na cha shahada, anavitenganisha taratibu, na uzi mmoja ukisimama katikati bila kukatika, iko tayari. Iwe na uvuguvugu. Ikipoa, sukari huganda nje na ndani kunabaki unga mtupu. 

Waayalandi nao wana siku inayokaa mikononi namna hii. Kila tarehe 1 Februari, sikukuu ya Mtakatifu Brigid, wanasuka misalaba ya matete, na hadithi zao husema Brigid aligawa siagi na maziwa kwa maskini bila kubakiza. Nadhani yeye na Virbai wangeelewana.

Fundi ninayemsifu si Mhindi. Ni mzee wa Kiluguru aliyeingia majiko haya akiwa mbeba maji, akajifunza kwa maharaji, yaani wapishi wa Kigujarati, na mpaka leo huhesabu vikombe vya unga kwa Kigujarati. Wakoloni waliupanga mji huu kwa rangi, Wahindi huku, Waafrika Kariakoo, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati ili watu wasichanganyike. Ufundi wa karai ulivuka uwanja ule kwa miguu, asubuhi na jioni, ukiwa kichwani mwa watu kama yeye. Siku ya Jalaram, akina mama wenye sari hushuka jikoni kumuuliza yeye kama shira imefika, na akisema bado, wanasubiri.

Msaidizi wake ni kijana wa Buguruni.

"Shikamoo mzee. Nimimine?"

"Marahaba. Bado. Sikiliza mafuta kwanza."

Kijana ameshaiweza gathia: unga wa dengu, mafuta, pilipili manga na magadi kidogo, unaburuzwa kwa kiganja juu ya ubao mpaka ujikunje, ukaangwe, uliwe na papai bichi lililokwanguliwa na pilipili za kukaanga. Anaiburuza vizuri, vipande vyake vinalingana. Mwaka huu amekabidhiwa pia kazi ya kufuta upawa. Kuushika juu ya karai, mzee anasema, labda Diwali ijayo.