Haipatikani Katika Eneo Lako

Bodi ilipopiga marufuku Rafiki ya Wanuri Kahiu nchini Kenya mwaka 2018, ilitaja sababu. Kahiu alikwenda Mahakama Kuu, akapewa siku saba za kuionyesha. Juzi nilitafuta kwenye runinga filamu iliyopigwa hapa hapa Nairobi, nikakutana na sentensi moja: “Haipatikani katika eneo lako.” Haina sababu wala mtu wa kumshtaki. Nikaweka VPN kwenye ruta; runinga ikaamini tuko London, filamu ikafunguka. Mama alipoiona steji yetu ya matatu akauliza, “Sasa mbona tujifanye Waingereza ndio tujione?” Nikamweleza kwamba haki za kuonyesha huuzwa nchi kwa nchi, na kwetu hakuna aliyezinunua.