Slither: Mume Aliyegeuka Mji Mzima

Filamu za vidudu kutoka anga za mbali huwa na adui wa nje. Anatua, anaingia mwilini, na kesho yake jirani yako si jirani tena. James Gunn naye anapita njia hiyohiyo katika Slither (2006), filamu ya kwanza aliyoiongoza, ila mimi naona adui alikuwa chumbani kabla kimondo hakijadondoka.

Tuko Wheelsy, kamji kadogo ka South Carolina. Grant Grant (ndiyo, jina lake ni hilo mara mbili) ana pesa, na amemuoa Starla, mwalimu aliyekulia kwenye ufukara. Usiku mmoja mke anasema hapana kitandani. Bwana ananuna, anakwenda baa, anaishia msituni na mwanamke mwingine, Brenda, na huko anachomwa kifuani na kitu kilichokuja na kimondo. Basi. Anaanza kununua nyama kwa mafurushi, ngozi inavimba, minyiri inaota.

Sasa sikilizeni. Konokono wekundu wasio na nyumba wanapowaingia watu mdomoni, hawawageuzi mazombi tu. Wanawapa wote akili moja, na ndani ya akili hiyo yumo Grant. Watu ambao jana walikuwa wapita njia wanamzungumzia Starla kama mume anavyomzungumzia mkewe. Nilicheka. Halafu kicheko kikanikwama kooni, maana katika kazi yangu ya habari nimekaa na wanawake waliokimbia ndoa, na karibu wote wanasimulia kitu kimoja: ukitoka kwa mume unamkuta tena kwa mama mkwe, kwa wajomba, hata kwa shoga yako wa damu. Midomo mingi, sauti moja: rudi kwa mumeo.

Michael Rooker ndiye anayeibeba filamu. Uso umepindapinda, ute unachuruzika, lakini macho ni ya mwanaume anayeomba apendwe. Anampenda Starla kweli, mpaka kuna mahali anasita kumdhuru. Anakwenda kumdhuru Brenda badala yake.

Na hapo kwa Brenda ndipo ninapogombana na Gunn. Dada wa watu anafichwa bandani, anavimba mpaka anajaza banda, huku akilia njaa, kisha anapasuka. Tunatakiwa tucheke unene wake. Grant amepewa huruma hadi dakika ya mwisho, Brenda kapewa utani tu. Hesabu hiyo hainiingii akilini.

Vichekesho vingine vinafanya kazi, hasa meya mwenye matusi (Gregg Henry), aliyepewa jina la MacReady kama shujaa wa The Thing ya 1982. Watu hawakuikimbilia: iligharimu kama dola milioni 15 na haikuzirudisha kwenye majumba ya sinema. Gunn alikuja kupewa Guardians of the Galaxy, 2014, na Rooker yumo tena.

Mwisho wake naupenda. Starla anajifanya mke mtiifu, anamsogelea yule dubwana kwa maneno matamu, kisha anamchoma. Polisi Bill, mchumba wa ndoto za ujanani, anasaidia kumjaza gesi, lakini risasi ni ya Starla.

Msizime majina yakianza kupita. Kuna paka.